Kona ya Fundi: Jenereta ya Ukubwa Gani Itawasha Mota Yako?

Kati ya barua tulizopokea, tatu zimeuliza jambo linalofanana: jenereta ya kubebeka inachaguliwaje pale inapotakiwa kuendesha mashine yenye mota? Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu kosa lililomo nimelikuta katika karakana nyingi, na kila mara anayeligharamia ni mwenye mashine.

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni seremala hapa Uyole, Mbeya. Nina mashine ya randa yenye mota ya nguvu za farasi 3 na msumeno wa meza wenye mota ya nguvu za farasi 2, zote za fezi moja. Kwa kuwa umeme hukatika, nilinunua jenereta ya petroli iliyoandikwa 3.5 kW. Muuzaji alinipigia hesabu kwamba farasi mmoja ni wati 746, hivyo randa inahitaji wati 2,238 tu na nyingine zitabaki. Nikiwasha randa, jenereta inalemewa, taa zinafifia, na mota inaunguruma bila kuzunguka. Juzi kapasita, kile kikopo cha kusaidia mota kuanza, ilipasuka na mota ikatoa moshi. Jenereta nimeiweka nyuma ya uzio kwa sababu ya kelele, mita 30 kutoka kwenye mashine, na nimevuta waya wa milimita 2.5. Je, jenereta ni mbovu au mota ndiyo mbovu? Ya ukubwa gani ingenifaa?

JIBU: Ndugu seremala, pole sana kwa hasara. Kwa jinsi ulivyoeleza, jenereta yako si mbovu, na mota nayo ilikuwa nzima mpaka siku ile ya moshi. Kilichoharibika ni hesabu uliyopigiwa dukani.

Tuanze na kibati cha maelezo kilichobanwa ubavuni mwa mota. Futa vumbi la mbao usome vizuri. Nguvu za farasi zilizoandikwa pale ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kwenye mkanda. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kwa sababu sehemu yake huishia kuwa joto ndani ya mota. Mota ya fezi moja ya farasi 3, yaani kilowati 2.2, kwa kawaida huandikwa volti 230 na mkondo wa ampea 14 au 15. Tuchukue ampea 14.5. Ukizidisha kwa volti 230 unapata takriban kVA 3.3 (kVA ni volti mara ampea, ikihesabiwa kwa maelfu), na umeme halisi unaoliwa ni kama kilowati 2.8. Kwa hiyo ile namba ya wati 2,238 ilikuwa ndogo hata kwa mota ambayo imekwisha kuzunguka na inafanya kazi yake kwa utulivu.

Lakini tatizo lako halikutokea mota ikiwa inazunguka, lilitokea wakati wa kuiwasha. Anayesukuma mkokoteni wa mizigo anajua kwamba msukumo wa kwanza, ule wa kuyang'oa magurudumu yaliposimama, unamtoa jasho kuliko mwendo wote unaofuata. Mota iliyosimama nayo huvuta mkondo mkubwa, kwa kawaida mara 4 hadi 6 ya ule ulioandikwa kwenye kibati, na huendelea kuuvuta mpaka rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ikaribie kasi yake. Kwa mota yako, mara 5 tu ni ampea 72, yaani zaidi ya kVA 16 kwa muda mfupi. Kwenye laini ya TANESCO hulioni jambo hilo, kwa kuwa nyuma ya waya wako ipo transfoma inayohudumia mtaa mzima, na ampea 72 za sekunde moja haziisumbui. Jenereta yako ndogo haina uwezo huo. Inapodaiwa mkondo isioweza kuutoa, volti zake huporomoka.

Hapo ndipo ubaya unapojijenga, kwa sababu nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 160, utadhani umepoteza chini ya theluthi moja. Kumbe nguvu ya kuzungusha imebaki chini ya nusu. Mota inaunguruma, rota inasita, mkondo mkubwa unaendelea kupita. Ndani ya mota kama yako kuna koili mbili: ya kuzungushia, ambayo hufanya kazi muda wote, na ya kuwashia, ambayo hupitia kwenye kapasita na imetengenezwa kustahimili sekunde chache tu. Swichi ndogo ya springi iliyo nyuma ya shafti huikata koili ya kuwashia mota inapofika takriban robo tatu ya kasi yake. Siku ambayo mota itakuwa imetengenezwa, iwashe kwa umeme wa TANESCO ukiwa umetega sikio karibu na mfuniko wa nyuma, utasikia mlio mdogo, "tik", sekunde moja hivi baada ya kuwasha. Ulipotumia jenereta, mlio huo haukutokea. Mota haikufika kasi ya kuifungua swichi, koili ya kuwashia ikabaki kwenye umeme, kapasita ikachemka na kupasuka, na vanishi ya koili ikaungua. Ile harufu kali uliyoisikia ni ya vanishi. Mpelekee fundi anayesuka mota aipime koili ya kuwashia kabla hujanunua kapasita mpya, kwa sababu ukifunga kapasita mpya kwenye koili iliyoungua, itapasuka tena.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja, nalo linawahusu ninyi wa Nyanda za Juu kuliko watu wa pwani. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwako wewe hiyo ni karibu asilimia 20. Isitoshe, 3.5 kW iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jenereta za namna hii kwa kawaida ni kiwango cha juu kabisa, kinachovumiliwa kwa muda mfupi. Kiwango cha kudumu huwa kwenye kibati kwa herufi ndogo, na kwa mashine ya ukubwa huo mara nyingi ni kama 3.0. Toa asilimia 20, zinabaki kilowati 2.4. Mota yako inahitaji 2.8 ikiwa na mzigo kamili. Kwa maneno mengine, hata kama randa ingefanikiwa kuzunguka, ungepitisha ubao mpana wa mninga na jenereta ingezimika.

Sasa ukubwa unaofaa. Kwa mota ya fezi moja yenye kapasita ya kuwashia, mimi huchukua kVA za mota ikiwa inafanya kazi na kuzizidisha kwa 2.5 pale inapoanza bila mzigo, na kwa 3 pale inapoanza ikiwa na mzigo. Hatuhitaji kuzifikia zile kVA 16 zote, kwa sababu jenereta nzuri huweza kutoa kwa sekunde chache zaidi ya kiwango chake cha kudumu, na mshuko mdogo wa volti mota huustahimili. Randa huanza ikizungusha ngoma ya visu peke yake, kwa hiyo kVA 3.3 mara 2.5 ni takriban 8.3. Gawanya kwa 0.8 kwa ajili ya mwinuko wa Mbeya, unapata kVA 10 na ushei. Hiyo ndiyo jenereta yako, ikiwa unatumia mashine moja kwa wakati mmoja.

Ukitaka msumeno uzunguke pamoja na randa, utaratibu wa kuwasha una uzito wake. Mota ya farasi 2 huvuta karibu ampea 10, yaani kVA 2.3. Ukianza na randa, ikatulia, kisha ukawasha msumeno, utahitaji 3.3 za randa inayozunguka pamoja na takriban 5.8 za msumeno unaoanza, jumla kVA 9. Ukianza na msumeno, jumla inapanda hadi kVA 10.6. Mashine ni zilezile. Tofauti imeletwa na ipi ilitangulia. Mota kubwa ndiyo ianze daima. Kwa Mbeya, kVA 9 hizo zinadai jenereta ya kVA 11 au 12.

Ukienda dukani, angalia mtego mmoja ambao umewanasa watu makini. Jenereta nyingi za ukubwa wa kVA 10 ni za fezi tatu. Kwa kawaida kila fezi hutoa theluthi tu ya uwezo wote, yaani kVA 3.3, kwa hiyo ukiifunga randa yako ya fezi moja kwenye soketi yake utarudi palepale ulipokuwa. Uliza jenereta ya fezi moja, au ile yenye swichi inayoiwezesha kutoa uwezo wake wote kwa fezi moja, na uone maneno hayo yameandikwa kwenye kibati. Nenda na mota yako dukani, iwashwe mbele ya macho yako kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa jambo hilo, mwache.

Ninajua jenereta ya kVA 10 ni ghali na inakula mafuta, na sipendi kumshauri mtu wa kipato cha karakana ndogo atumie fedha kubwa wakati kuna njia nyingine. Kwa kuwa mota yako tayari inakwenda kwa fundi, fikiria kuibadilisha. Funga mota ya fezi tatu ya kilowati 2.2, inayoweza kuunganishwa kwa mtindo wa delta (koili tatu zikifungwa kama pembetatu) kwa volti 230, uiendeshe kwa inveta ya mota inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu. Inveta huipandisha mota kasi polepole, kwa sekunde kadhaa, na ule mkondo wa kuanzia mara 5 haupo tena. Kwa mpango huo jenereta ya kilowati 5 za kudumu, ambayo Mbeya itabaki na kama 4, itaendesha randa. Ila usimruhusu mtu yeyote akufungie inveta hiyo kwenye mota yako ya sasa; mota yenye kapasita na swichi ya ndani haiendeshwi hivyo, na utaunguza vyote viwili. Inveta nayo haipendi vumbi la mbao, kwa hiyo iwekwe ndani ya sanduku lililozibwa vizuri, mbali na kinywa cha randa.

Kuhusu waya, mita 30 kwenda na mita 30 kurudi za shaba ya milimita 2.5 zina ukinzani wa takriban omu 0.44. Mota ikizunguka unapoteza volti 6 tu, jambo la kuvumilika. Mota ikianza na kuvuta ampea 70, unapoteza volti 31 njiani, juu ya zile ambazo jenereta yenyewe imeshaziangusha. Vuta waya wa milimita 6, na upotevu huo utashuka hadi volti 13 hivi.

Na hili sikuliona katika barua yako, lakini siwezi kufunga bila kulisema, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu: waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili "nyumba nzima ipate umeme". Umeme huo hautaishia nyumbani kwako. Hutoka hadi kwenye laini ya mtaa, hupita kwenye transfoma kinyumenyume na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa hufa kwa umeme wako. Funga swichi ya kubadilishia, ile isiyoweza kuunganisha vyanzo viwili kwa pamoja, na ifungwe na fundi mwenye leseni.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama mfugaji wa kuku, Mkuranga. Kisima changu kina pampu ya kuzamisha ya nguvu ya farasi 1. Nilinunua jenereta ndogo ya kisasa isiyo na kelele, ya kilowati 2. Inawasha televisheni na taa vizuri, lakini nikiwasha pampu, taa nyekundu inawaka na umeme unakatika papo hapo. Ninaiweka ndani ya kibanda cha pampu na kufunga mlango kwa kuogopa wezi. Nifanye nini?

JIBU: Mama, kabla ya yote, kuanzia leo usiiwashe jenereta ndani ya kibanda kilichofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu anayeingia kufungua koki anaweza kuanguka kabla hajajua kwamba anaumwa. Kuacha mlango wazi hakutoshi. Ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo iliyo nje, mbali na madirisha na banda la kuku, moshi ukielekea upande upepo unakokwenda, na uitengenezee paa dogo lisilo na kuta.

Kuhusu pampu, jenereta yako ni ya aina ya inveta, ambayo hutoa umeme safi sana lakini haivumilii kuzidiwa hata kidogo: vifaa vyake vya elektroniki hukata umeme ili visiungue, na ile taa nyekundu ndiyo inayokuambia hivyo. Pampu ya kuzamisha ya farasi 1 ikiwa inafanya kazi huvuta karibu ampea 6, yaani takriban kVA 1.4, na wakati wa kuanza inaweza kufika ampea 25 au zaidi. Jenereta yako haifiki ampea 9. Televisheni haina mwanzo wa namna hiyo, ndiyo maana inawaka bila shida. Kwa kuwa pampu iko chini ya maji na huanza ikiwa na mzigo, tumia kizidisho cha 3: nunua jenereta ya kawaida ya kVA 4 za kudumu, yenye kidhibiti cha volti. Mkuranga haiko juu kiasi cha kukupunguzia nguvu kama Mbeya, ila jua kali nalo hula kidogo, kwa hiyo usishuke chini ya hapo. Hiyo ndogo ibaki kwa taa na vifaranga.

Utaratibu wa kila siku uwe huu: washa jenereta kwanza ikiwa haina kitu, iache dakika moja au mbili ipate moto, kisha washa pampu. Wakati wa kuzima, zima pampu kwanza, halafu jenereta. Ukizima jenereta huku pampu ikizunguka, au mafuta yakiisha katikati ya kazi, volti hushuka polepole na mota huteseka kule chini ambako huwezi kuisikia. Ukishazima pampu, subiri dakika moja au mbili kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu ikiwa bomba halina valvu nzima ya kuzuia maji kurudi, maji yanayoshuka huizungusha pampu kinyume, na kuiwasha wakati huo ni kama kuilazimisha igeuke ghafla ikiwa mbioni.

SWALI: Ndugu Mhariri, niko kijijini wilaya ya Namtumbo, Ruvuma. Ninataka kufungua mashine ya kusaga na kukoboa yenye mota ya farasi 15. Nguzo za umeme bado hazijafika kwetu ila tumeahidiwa. Ninunue jenereta ya ukubwa gani kwa sasa?

JIBU: Ndugu, kwa kazi hii ninakusihi usinunue jenereta kabisa. Mota ya farasi 15, yaani kilowati 11, itahitaji umeme wa takriban kilowati 12.5, na ili jenereta itoe kiasi hicho injini yake lazima izalishe karibu kilowati 15, sawa na farasi 20. Robo ya nguvu unayoinunua kwa dizeli inapotea katika kugeuzwa kuwa umeme na kurudishwa kuwa mzunguko. Na ili mota hiyo ianze bila taabu, jenereta ingepaswa kuwa ya kVA 25 hadi 30, ambayo haibebeki. Stata ya sta-delta, yaani kifaa kinachoanzisha mota kwa volti pungufu kwanza, hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi, lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, na hasara ya dizeli hubaki vilevile kila siku unayosaga.

Funga kinu kwa mkanda moja kwa moja kwenye injini ya dizeli. Umeme ukifika, utatoa injini na kuweka mota mahali pake, kinu kikibaki kilekile, na utabadilisha puli tu. Chukua mfano wa kinu chenye puli ya inchi 6 kinachotakiwa kuzunguka mara 2,900 kwa dakika. Injini ya dizeli inayozunguka mara 2,200 itahitaji puli ya inchi 8. Mota inayozunguka mara 1,450 itahitaji ya inchi 12. Kwa hiyo unapojenga msingi wa zege, acha nafasi ya puli hiyo kubwa na uweke reli za kusogeza mota, ili mkanda ukazwe bila kuvunja sakafu.